Uanachama wa gazeti la mtandaoni linalowauliza wasomaji kabla ya kuandika: uzoefu wangu

Nalilipia gazeti moja la mtandaoni linaloishi kwa michango ya wasomaji, na ninaandika haya nikiwa bado mwanachama. Habari za papo kwa papo zimejaa kila mahali, nyingi bila malipo, kwa hiyo sikujiunga kwa ajili ya hizo. Nilifuata ahadi yao kwamba mwanachama ataulizwa mapema, mwandishi akiwa bado hajaamua achunguze nini.

Wakati wa uchaguzi ahadi hiyo waliitimiza barabara. Kampeni zikiwa hazijaanza walitutumia swali moja: mngetaka wagombea wajadili nini wanapoomba kura zenu? Hakuna aliyetuuliza tutampigia nani. Majibu yakachambuliwa, yakageuzwa kuwa maswali, na kila mgombea akapelekewa maswali yaleyale. Aliyejibu, jibu lake lilichapishwa zima. Aliyekaa kimya, jina lake liliwekwa na nafasi wazi mbele yake. Sijapata kusaidiwa hivyo kuamua kura yangu. Gazeti la Charlotte Observer la Marekani lilifanya jambo la namna hiyo mwaka 1992 likishirikiana na Taasisi ya Poynter, inayofundisha uandishi wa habari: lilianza na yanayowasumbua wakazi, ndipo likawafuata wagombea. Inaniuma kwamba baada ya miaka yote hii, na wepesi wote wa mtandao, vyombo vingi bado vinaripoti kampeni kama mashindano ya mbio, nani yuko mbele na nani amebaki nyuma.

Huduma ninayoitumia zaidi ni ya kusoma nyaraka. Gazeti linapakia bajeti, mikataba na hati za malipo ya umma, ukurasa mmoja mmoja. Mwanachama anausoma, kisha anabofya kueleza kama hauna kitu, una jambo, au unahitaji kuchunguzwa. Anayekumbuka kashfa ya marupurupu ya wabunge wa Uingereza atautambua mtindo huu. Mwaka 2009 The Guardian liliweka mtandaoni kurasa zaidi ya 450,000 za madai ya wabunge, na wasomaji zaidi ya 20,000 wakajitokeza kuzipitia. Katika saa 80 za mwanzo walikuwa wameshapitia takriban 170,000. Chumba gani cha habari kina waandishi wa kutosha kwa kazi hiyo?

Mimi ni mhasibu, na hapa ndipo ninapoona nina la kuchangia. Katika hati za malipo niliona kazi moja imegawanywa vipande vipande, kila kipande kikiwa chini kidogo ya kiwango kinacholazimu zabuni kutangazwa. Asiyezoea vitabu vya hesabu angepita tu, maana kila malipo yakitazamwa peke yake yanaonekana halali. Nikabofya, nikaandika maelezo mafupi. Mwandishi akanipigia kuuliza nimejuaje, halafu akatafuta uthibitisho kwa watu wengine kabla ya kuchapisha. Hilo la mwisho nalithamini kuliko yote. Wapo wanachama wanaonung'unika kwamba wahariri wanachuja mno, nami siungani nao. OhmyNews, tovuti ya habari ya Korea Kusini, ilianzishwa mwaka 2000 kwa kauli kwamba kila raia ni mwandishi wa habari, na bado ilikuwa na wahariri wa kulipwa waliozikagua habari za raia hao. Tuhuma inayomtaja mtu kwa jina haifai kuchapishwa kwa sababu tu imetumwa na mwananchi mwenye nia njema.

Programu yao ya simu ni nyepesi na arifa hazichoshi. Hapo sina zaidi.

Kasoro zipo, na moja ni nzito. Fomu ya kutuma taarifa inadai jina kamili na namba ya simu, wala haielezi nani anaziona au zinahifadhiwa kwa muda gani. Kwangu mimi ninayesoma hati zilizo wazi si tatizo. Kwa karani anayetaka kufichua wizi ofisini kwake, ni kuhatarisha kazi, pengine na zaidi ya kazi. Dawa ipo: SecureDrop, mfumo unaosimamiwa na Freedom of the Press Foundation, humwezesha mtu kutuma nyaraka kupitia Tor, mtandao unaoficha mtumiaji ni nani na yuko wapi, bila kujitambulisha, na programu yenyewe ni ya bure. Nimewaandikia wahariri kuhusu hili. Nilijibiwa kwa adabu kwamba suala linafanyiwa kazi. Mpaka nilione limefanyika, simshauri mtu mwenye siri nzito aipitishe kwenye fomu ile.

Jingine, wana tabia ya kuandika "wananchi wanasema" wakati waliosema ni sisi wanachama wachache wenye bando na muda. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 husoma tu, asilimia 9 huchangia kidogo, na asilimia 1 hubeba karibu kila kitu. Mimi nimo katika hao wachache, na sijachaguliwa na mtu yeyote kumsemea. Waandike "wanachama wetu", au wafungue njia kwa wengine. Ushahidi, jukwaa lililoundwa Kenya mwanzoni mwa 2008 kufuatilia ghasia za baada ya uchaguzi, lilipokea taarifa hata kwa ujumbe mfupi wa simu, na asiye na intaneti akaweza kusema alichokiona. Gazeti langu halina njia hiyo hadi leo.

Nimeshalipia mwaka unaofuata. Anayefikiria kujiunga, hapa au kwenye gazeti jingine la aina hii, kwanza afungue ukurasa wao wa masahihisho. Aangalie kama wanataja kosa lenyewe, tarehe waliyolirekebisha, na kama ni msomaji aliyewaonyesha. Ukurasa huo ukiwa haupo, fedha yake abaki nayo.