Usihesabu kilomita: vituo vya skii ninavyovipenda, na kwa nini

Karibuni tena, wadau. Leo bidhaa tunayoichambua ni mlima wenyewe, yaani vituo vya skii (mchezo wa kuteleza juu ya theluji) ninavyovipenda kuliko vingine vyote, na kile kinachokitenga kila kimoja na wenzake. Swali ninaloulizwa kila mara ni "kipi kikubwa zaidi?" Basi tuanze na hilo tulimalize.

Ukubwa usikubabaishe. Kila kituo kitakutangazia kilomita za njia zake, lakini hazipimwi kwa namna moja. Huyu anapima katikati ya njia kutoka juu hadi chini, yule anajumlisha na kona zote anazopiga mtelezaji akishuka. Mlima uleule unatoa namba mbili. Les 3 Vallées kule Ufaransa wanataja kilomita 600, na kweli ni pakubwa: asubuhi uko Courchevel, mchana unakula Val Thorens kwenye mita 2,300, jioni umerudi, tiketi ni hiyohiyo moja. Kama mnasafiri kikundi, mmoja bingwa na mwingine ndiyo kwanza anajifunza kusimama, nendeni, hamtajuta. Mimi binafsi hapanipandishi mzuka. Njia nzuri, halafu njia nzuri nyingine, halafu nyingine tena. Ninachokitafuta ni kitu ambacho nikikikosa hapo, sikipati kwingine.

Ndiyo maana wa kwanza kwangu ni Chamonix, hukohuko Ufaransa, chini ya Mont Blanc. Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika hapa mwaka 1924. Mji uko kwenye mita elfu moja na kidogo. Gari la kebo la Aiguille du Midi, lililozinduliwa mwaka 1955, linakupandisha kwa awamu mbili hadi mita 3,777, na lote hilo ni kama dakika ishirini tu. Masikio yanaziba, kichwa kinakuwa chepesi, pumzi inakuwa ya kuomba. Unapita kwenye pango lililochongwa ndani ya barafu, unatokea nje, na mbele yako kuna ukingo mwembamba wa theluji unaoshuka. Hapo bado hujavaa skii, yaani zile mbao ndefu za kutelezea, zimefungwa mgongoni. Kwenye buti umefunga meno ya chuma, kiunoni una kamba, na kiongozi wako yuko nyuma yako, si mbele, ili ukiteleza awe juu na akuzuie. Upande mmoja mlima umekatika kuelekea mjini, unaziona nyumba kule chini kabisa. Wale waliokuwa wanajigamba ndani ya gari la kebo, hapa huwa hawasemi neno.

Ukimaliza ukingo huo, unavaa skii na Vallée Blanche inaanza: karibu kilomita 20 za kushuka juu ya barafu ya milimani. Sasa nisikilizeni vizuri, maana watu wanalichanganya hili. Mteremko wenyewe si mkali, mtelezaji wa kiwango cha kati anaumudu. Hatari yake ni kwamba hakuna mashine iliyosawazisha njia, hakuna doria ya kituo, na chini ya theluji kuna nyufa zinazoweza kummeza mtu mzima na skii zake. Bila kiongozi wa mlima mwenye leseni, usithubutu. Na kule mwisho, kwenye mto wa barafu uitwao Mer de Glace, utaona kwa macho yako barafu inavyonywea. Ngazi za kupandia kuelekea kituo cha treni cha Montenvers zilikuwa zinaongezwa mwaka hadi mwaka kwa sababu barafu inazidi kushuka, mpaka mwaka 2024 wakafungua gari jipya la kebo juu zaidi bondeni.

Kasoro? Ipo. Chamonix si kituo kimoja. Ni milima kadhaa iliyotawanyika bondeni, na kutoka huu kwenda ule unapanda basi huku umebeba skii begani na buti zinakubana. Mwenye kupenda kutoka hotelini moja kwa moja hadi kwenye lifti, hapa patamkera.

Wa pili ni Niseko, kisiwani Hokkaido, Japani. Hapa mlima si chochote: Annupuri una mita 1,308 tu, na miteremko yake ni ya wastani. Habari yote ni theluji. Upepo mkavu na wa baridi kali unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani ambayo ina joto kuliko huo upepo, unanyonya unyevu, kisha unagonga milima ya Hokkaido na kuumwaga wote. Kwa kuwa baridi ni kali, inayoanguka ni theluji nyepesi, kavu. Ukiifinya kiganjani haishikani, inapita kati ya vidole kama unga. Na kwa kuwa mtambo huo wa upepo na bahari unafanya kazi karibu kila siku kuanzia Desemba hadi Februari, nyayo ulizoacha leo kesho huzikuti.

Kitu kingine ninachowasifia Niseko ni milango yao. Kuna milango rasmi ya kutokea nje ya eneo la kituo. Ikifunguliwa, unatoka kwa hiari yako. Ikifungwa kwa sababu ya hatari ya maporomoko ya theluji, hatoki mtu, na ukipenyeza chini ya kamba unanyang'anywa tiketi. Nimeona vituo vingi vinavyobandika maonyo halafu basi. Hawa wana kanuni moja fupi, na wanaisimamia. Usiku nako taa zinawashwa, unateleza huku theluji inadondoka ndani ya mwanga. Ila ukitaka jua na picha za Mlima Yotei nyuma yako, Januari usiende. Theluji hiyohiyo ndiyo inayouficha mlima. Na msongamano upo, tusidanganyane. Siri hii ilishatoka zamani.

Tukija Marekani, wengi mngetegemea nitaje Vail, kituo maarufu cha Colorado. Mimi nakwenda Alta, jimbo la Utah. Lifti yao ya kwanza ilianza kazi mwaka 1939, na mpaka leo hawaruhusu ubao wa theluji (snowboard). Skii peke yake. Mwaka 2014 wapenzi wa ubao waliwapeleka mahakamani, wakashindwa, wakakata rufaa, na mwaka 2016 wakashindwa tena. Mimi sina ugomvi na watu wa ubao, na kusema kweli marufuku hiyo inanikaa vibaya kidogo. Lakini ukishaiona High Traverse unaelewa angalau hoja moja. Ni njia nyembamba inayokatiza ubavuni mwa mlima, mnafuatana mmoja nyuma ya mwingine, mahali pengine mnapanda kwa kusukuma fimbo, ambazo mtu wa ubao hana, na mwisho wake ndipo miteremko bora ilipo. Hakuna lifti inayokufikisha huko. Unapalipia kwa mapaja yako.

Alta wana jambo jingine ambalo sijalikuta kwingine. Barabara ya kufika huko inapita kwenye korongo jembamba lenye mikondo mingi ya maporomoko, na kwa miaka mingi mizinga ya kijeshi ndiyo iliyotumika kuiangusha theluji kabla haijajiangusha yenyewe. Hatari ikizidi, inatangazwa amri wanayoiita interlodge: kila mtu abaki ndani ya jengo alilomo, haruhusiwi kutoka hata kwenda kuchukua begi garini. Ni sheria, si ushauri. Februari 2021 amri hiyo ilidumu zaidi ya saa 50 mfululizo. Sasa faida yake: amri ikiondolewa huku barabara bado imefungwa, mlima mzima wenye theluji mpya ni wa wale waliolala huko tu. Watu wanaomba mabaya yawakute.

Zermatt, Uswisi, nitaisema kwa kifupi kwa sababu inajisema yenyewe. Magari ya petroli hayaingii. Unaliacha lako Täsch na kumalizia kwa treni. Matterhorn, mita 4,478, unauona karibu kila unapogeuka. Gari la kebo linafika mita 3,883, na kwa urefu huo watu wanateleza hata Julai. Raha yangu ni kuvuka mpaka na kushukia Cervinia, upande wa Italia, ambako miteremko ni mipole na jua linakaa zaidi. Onyo: angalieni upepo. Lifti za juu zikifungwa uko Italia, njia ya kurudi kwa gari inazunguka milima kwa masaa, na dereva wa teksi anajua huna ujanja.

Whistler Blackcomb ya Kanada ni milima miwili iliyounganishwa tangu mwaka 2008 na gari la kebo la Peak 2 Peak, ambalo linapita mita 436 juu ya bonde. Juu theluji tamu, chini mvua. Vaeni koti lisilopitisha maji kweli, si la kudanganyia. Basi, yametosha.

Nimalizie na Portillo, Chile, kwa wale ambao Julai mnaishia kutazama video. Kituo kiko mita 2,880, hoteli moja kubwa ya njano kando ya ziwa, hakuna mji. Mwaka 1966 waliandaa mashindano ya dunia ya skii mwezi Agosti. Lakini mimi nakwenda kwa ajili ya lifti. Kwenye miteremko inayopigwa sana na maporomoko, nguzo za lifti za kawaida zisingesalimika, kwa hiyo wana va et vient: kebo inawavuta watelezaji watano waliopangwa ubavu kwa ubavu, kila mmoja na kisahani chake katikati ya mapaja, na inawavuta kwa kasi, hakuna cha taratibu. Inafika juu, inasimama ghafla, na hapo mnatakiwa kuachia mmoja mmoja. Mmoja akibabaika, mnabingirika wote. Kwa hiyo ukipangwa na watu usiowajua, kabla haijaondoka ulizaneni: nani anaachia kwanza? Haya, tuonane video ijayo.