Baa ya wamotari Kampemba, Lubumbashi, imefunguliwa tena: ua umepona, friji bado

Bati limepakwa rangi, viti ni vipya, muziki umeshushwa kidogo. Hayo yapite. Kilichobadilika kweli ni ua wa kuegesha, na baa ya wamotari, yaani madereva wa teksi za pikipiki, hupimwa hapo.

Zamani ua wote ulikuwa udongo mwekundu: vumbi mwezi wa saba, tope mwezi wa kwanza, na pikipiki moja ikianguka inalaza tatu za pembeni. Sasa nusu ya mbele imetandikwa matofali ya saruji, nafasi zimechorwa karibu mita moja moja, usukani haugusi wa jirani. Nusu ya nyuma ni kokoto tupu. Ukibanwa huko, weka ubao au jiwe bapa chini ya stendi ya pembeni, maana mguu wake ni mwembamba na huzama polepole ukiwa umeshakaa mezani. Ua unateremka kuelekea barabarani, kwa hiyo elekeza pua juu na uache gia ya kwanza. Pikipiki ikijongea mbele, stendi inajikunja. Wenye pikipiki za TVS na Boxer wafunge pia robine (koki) ya mafuta. Sindano ya kabureta inayozuia mafuta ikiwa imelika, petroli inadondoka, na jiko la makala (makaa) liko hatua kumi tu kutoka hapo. Aliyeliweka pale sijui alifikiria nini.

Pampu ya upepo ya bure iko karibu na geti. Kwa anayetoka Likasi, kilomita kama 120, ajaze tu, asipunguze: tairi likiwa moto kipimo hupanda, na ukitoa upepo wakati huo, asubuhi litakuwa limelegea.

Michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, ni mizuri, na mbuzi hukatwa mbele yako. Agiza kabla ya kuvua helmeti, kwa sababu kilo moja inachukua dakika arobaini hivi. Wakikuharakishia, wanapuliza moto, mafuta yanawaka, nyama inaungua nje huku mfupani bado nyekundu. Mvua zikianza uliza kama makala ni makavu. Yakiwa na unyevu, moshi wake unaacha uchungu ambao pilipili haifuniki. Bukari, yaani ugali, ni laini, hakuna zaidi la kusema.

Bia za Simba na Tembo zipo, ila baridi yake inategemea umeme. Umeme ukikatika mchana, jenereta huwashwa jioni tu, na friji inayofunguliwa kila dakika haipoi haraka. Omba chupa ya chini kabisa, nyuma. Za mlangoni ni vuguvugu.

Jambo jipya lililo bora: ukizidiwa, unaacha ufunguo kaunta, unapewa kibati chenye namba, na pikipiki inalala ndani ya geti. Chukua kibati kabla ya chupa ya kwanza. Baada ya saa nne usiku mwenye daftari la vibati huwa ameshaenda kwake.