Fremu za kufungua kwa mbele za michoro ya watoto, kazi ya fundi wa Keko, Dar es Salaam

Mwenye mtoto wa chekechea anajua, makaratasi hayaishi na ole wako utupe moja, atalikumbuka tu. Hizi fremu nimechongesha Keko, saizi ya A3 yaani sentimita 29.7 kwa 42, zina bawaba upande mmoja zinafunguka kama kidirisha na ndani kuna kina cha kutosha, kwa hiyo mchoro mpya unauweka juu ya ile ya zamani bila hata kushusha fremu ukutani. Hapo fundi nampa maua yake. Mbao ni mninga, msasa umepigwa vizuri, na sumaku ya kufungia imeshika kwelikweli.

Ila kioo sasa. Kakilaza juu ya karatasi moja kwa moja, na joto letu hili na unyevu wa pwani rangi za nta zinaganda kwenye kioo, mwanangu alichora pantoni la Kigamboni nilipofungua moshi wote umehamia kiooni, kilio chake majirani walisikia 😂. Mwambie fundi aweke vijiti vyembamba pembeni kioo kisiguse mchoro. Na usitundike panapopigwa na jua, maka peni inapauka haraka sana.

Bei kaanzia 40,000 kwa moja, maongezi yapo, mimi nimechukua kwa 32,000. Karatasi ya manila nzima haiingii, zile ninazipiga picha kwa simu halafu nazikunja na kuzificha juu ya kabati.