Muziki wa kununua na muziki wa kukodi: njia nne, nikianza na iliyo bora

Mwaka juzi tulikuwa njiani kwenda arusini Tanga, mimi naendesha, shangazi kakaa mbele. Tulipoiacha Segera akasema, "Mwanangu, tuwekee taarabu." Nilikuwa na nyimbo zaidi ya mia nilizopakua kwenye app ya kulipia kila mwezi. Nikaegesha pembeni, nikafungua simu. Majina yote yapo, lakini yamefifia, na hakuna linalocheza. Malipo yangu yalikuwa yamekwisha siku mbili nyuma. Baada ya kulipa karibu miaka miwili, sikuwa na wimbo hata mmoja wa kumchezea shangazi.

Tangu siku ile, kabla ya kutoa hela najiuliza: nikiacha kulipa, nabaki na nini? Ndivyo nilivyozipanga njia hizi.

Ya kwanza ni faili lisilo na kufuli, yaani lisilowekewa kizuizi cha kunakili. Unalipa mara moja, unapakua, unanakili kwenye simu, kompyuta na flashi ya gari bila kumuomba mtu ruhusa. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, wanauza hivyo, na unachagua mwenyewe aina ya faili: MP3, iliyobanwa iwe ndogo, au FLAC, iliyo kubwa zaidi. Hata duka la iTunes, ambalo zamani nyimbo zake zilifungwa, liliondoa kufuli kwenye muziki mwaka 2009. Wimbo wa dakika nne kwa MP3 ya kbps 320, yaani ya ubora wa juu, ni kama MB 10. Kwa FLAC unaweza kufika 25 au 30, ila sauti haipunguzwi chochote. Mimi huchukua FLAC ya kuhifadhi, halafu natengeneza MP3 ya simu. Albamu nzima ya FLAC italimaliza bando lako, kwa hiyo tafuta Wi-Fi kwanza. Kasoro ya njia hii ni kwamba taarabu na zilipendwa nyingi hazipatikani huko.

Hapo ndipo inapoingia CD, ya pili kwangu. Igeuze uitazame: CD ya kiwandani huwa na rangi ya fedha, iliyochomwa mtaani mara nyingi ina ubluu au ukijani kwa chini. Angalia na mikwaruzo. Ukifika nyumbani hamishia nyimbo kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. Laptop nyingi za sasa hazina sehemu ya CD, utahitaji kisomeo cha nje cha USB. Kuwa mwangalifu na baadhi ya CD za mwaka 2005 za Sony BMG: ziliwekewa programu ya kuzuia kunakili iliyojificha ndani ya Windows na kuwafungulia virusi mlango, mpaka kampuni ikazirudisha kutoka madukani.

Ya tatu ni kununua kitu chenye kufuli, hasa vitabu na filamu. Kitufe kinasema "nunua", lakini unachopewa ni ruhusa ya kutumia. Mwaka 2009 Amazon walifuta vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle, visomeo vyao vya vitabu, za watu waliokwisha kuvilipia. Mwaka 2019 Microsoft wakafunga duka lao la vitabu, na vitabu vikaacha kufunguka. Wateja wa Microsoft walirudishiwa pesa, lakini vitabu havikurudi. Lipa huko kwa bei ambayo hutaijutia hata ukitazama mara moja tu.

Usajili wa mwezi nauweka mwisho, ingawa nautumia bado, kwa sababu ni mzuri kwa kugundua wanamuziki wapya. Spotify, iliyofika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, inakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulivyopakua havichezi. Ukipenda albamu huko, nenda kainunue kwingine.

Flashi ya kuhifadhia nayo ina mitego. Zipo zilizoandikwa GB 128 na ndani ni 8. Zinapokea mafaili yote, kisha hayafunguki. Siku ya kununua ipime kwa programu ya H2testw au F3, zinazoonyesha ukubwa wake halisi, ungali na risiti mkononi. Weka nakala mbili nyumba mbili tofauti, na ya garini uihesabu kuwa ya tatu, maana jua la dashibodi huiharibu. Yangu ya pili iko Tanga, kwa shangazi.