Inkscape katika kugeuza picha za LaTeX: uzoefu wangu nikiandika tasnifu Bukavu

Kwa miezi minane nimeitumia Inkscape, programu isiyolipiwa, kugeuza ramani na michoro ya tasnifu yangu ya lisansi kuhusu mmomonyoko wa udongo katika komine ya Kadutu, ninayoiandika kwa LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa kwa amri. Ninaisifu kwa kazi hiyo, ingawa kuna sehemu yake moja ambayo nimeiacha kabisa.

Mwanzoni sikuona haja yake. Ramani zangu zilitoka QGIS, programu ya kutengeneza ramani, zikiwa SVG, aina ya faili za michoro, na kwa kuwa LaTeX haisomi SVG moja kwa moja, nilizipitisha kwenye tovuti moja ya kugeuza faili, nayo ikanirudishia JPEG. Mwelekezi wangu alipoipata sura ya pili aliinamia ukurasa, akavua miwani, akaniuliza: “Mwanangu, mto huu unaitwaje?” Ulikuwa Mto Kawa, ambao mtu wa Bukavu anaujua hata gizani, lakini kwenye karatasi jina lake lilikuwa limezungukwa na vumbi la kijivu. JPEG ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera, na inapobana faili huanza kuharibu kingo kali, yaani herufi na mistari, vitu ambavyo ndivyo ramani yenyewe.

Dawa ilikuwa kuiacha ramani ibaki vekta, yaani mistari na maumbo badala ya pikseli, hadi mwisho. Pdflatex, programu ya LaTeX inayotoa PDF, hupokea picha za PDF, PNG na JPEG, na katika hizo ni PDF peke yake inayoweza kuhifadhi mistari kama mistari. Kwa hiyo mimi hufungua SVG ndani ya Inkscape, nikatenganisha majina ya mitaa yaliyopandana (kazi ambayo QGIS huniachia kila mara), kisha kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, ninaandika:

inkscape -D --export-filename=kadutu.pdf kadutu.svg

Herufi ile -D si ya kupuuzwa. Inaiamuru programu ikate ukurasa sawasawa na mchoro; bila hiyo nilipata ramani ndogo katikati ya uwanja mweupe wa A4, na \includegraphics, amri ya LaTeX ya kuweka picha, ikaupima uwanja wote, hata width=\textwidth, yaani upana wa maandishi, ikawa haina maana. Anayefuata maelezo ya zamani ajue pia kwamba tangu toleo la 1.0, la mwaka 2020, --export-filename imechukua nafasi ya --export-pdf.

Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni alisisitiza nitumie EPS, aina ya zamani ya faili za vekta. Ushauri wake ulifaa kwa njia ya zamani ya programu za latex na dvips aliyojifunzia yeye. Pdflatex yenyewe haisomi EPS, isipokuwa kwamba TeX Live, mkusanyo wa programu za LaTeX, tangu mwaka 2010 huigeuza kuwa PDF kimyakimya kwa msaada wa kigeuzi cha epstopdf. Sikuona faida ya kuzunguka hivyo. ImageMagick, programu nyingine ya kugeuza picha, nayo niliijaribu, na kwa kupunguza picha za kamera ni hodari, lakini vekta huivunja kuwa pikseli kwanza, hata pale faili inayotoka inapokuwa na jina la PDF.

Picha za makorongo nilizopiga kwa simu hazikuhitaji Inkscape. Zilikuwa 22, karibu megabaiti nne kila moja, na pdflatex huipachika JPEG jinsi ilivyo, kwa hiyo tasnifu ilivimba hadi ikakataa kutumwa kwa barua pepe. Picha ya upana wa sentimita 14, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 1,654 tu. Nilizipunguza zote kwa kipimo hicho. Baadhi zilitokea zimelala ubavu, kwa sababu simu huandika mwelekeo wa picha kama maelezo tu ndani ya faili na pdflatex haiusomi. Nilizigeuza na kuzihifadhi upya.

Sasa ile sehemu niliyoiacha. Chaguo la --export-latex hutoa faili mbili: PDF yenye mchoro bila maneno, na faili ya pdf_tex ambayo LaTeX huitumia kuyaandika maneno hayo kwa fonti ya tasnifu. Kwa grafu ya mvua yenye maneno matano matokeo yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia. Kwa ramani yenye majina sitini ilikuwa balaa: ukubwa wa herufi huamuliwa na LaTeX, wala haupungui mchoro unapopunguzwa, basi majina yakarundikana kama abiria wa teksi ya jioni. Ramani zangu nimeziachia fonti zake mwenyewe.

Lawama yangu nyingine ni uzito. Kwenye kompyuta yangu ya zamani Inkscape huchukua muda kuamka kwa kila faili, na michoro ni 31. Mimi huiachia orodha nzima usiku, umeme ukiwepo, nikazikuta PDF asubuhi. Umeme ukikatika, ninaendelea na zile zilizobaki.