Chumba, sebule na choo ndani, Kigogo: nyota 2 kati ya 5

Nimehama juzi baada ya miezi minane. Kodi laki na nusu kwa mwezi, unalipa miezi sita kwa mkupuo na dalali anakula ya mwezi mmoja juu, hiyo ni kawaida ya Dar. Tailizi safi, gipsamu, luku yako mwenyewe, Kariakoo ukiamua unatembea kwa mguu. Hapo siwezi kudanganya, raha.

Sasa tuje kwenye maji. Dalali nilimuuliza kabisa, mto si uko hapo chini? Akasema aah kaka maji hayajawahi kufika huku, na mi nikaamini kwasababu rangi ilikuwa mpya. Wiki ya tatu nasogeza kabati nililolikuta la mwenye nyumba, nyuma yake kuna mstari wa kahawia umenyooka kama umepigwa rula, unanifika gotini, kumbe fundi alipaka mpaka kabati linapoanzia basi. Afu naenda kwa mama jirani kuomba chumvi nakuta friji lake limepandishwa kwenye matofali manne. Mama hii vipi? Akacheka, "mwanangu, subiri masika".

Kabla ya masika kuna Februari. Bati juu, gipsamu chini yake, usiku feni inakupulizia hewa ya moto, ukifungua dirisha mbu, umeme ukikata unahamia barazani na mkeka.

Machi kwa ujinga wangu nikalipa tena sita. Aprili ikaja. Huo mto wa hapo chini, Msimbazi, unaanzia huko vilima vya Pugu, kwaiyo kwako panaweza kuwa pakavu kabisa ila kule mvua imepiga, na mto wenyewe umejaa mchanga na taka, kina hamna, maji yanatafuta pa kupita. Kwangu hayakupita hata mlangoni, yalianzia chooni, saa tisa usiku nasikia tundu la choo linaguna gluu gluu afu sebule nzima inanuka shimo la jirani. Godoro, radio, vyeti, kwisha.

Watu wa bondeni hii wanaijua, mafuriko ya Desemba 2011 wengi walipelekwa Mabwepande na wapo waliorudi maana kule ni mbali na riziki. Siku hizi kuna mradi wa bonde la Msimbazi, nyumba kibao za chini zimelipwa fidia zikavunjwa, na daraja la Jangwani linajengwa, sawa, ila sisi wapangaji fidia tunaisikia tu kwa wenye nyumba.

Ukienda kuangalia chumba huko sogeza kabati, chungulia friji za majirani zimekaa wapi, na dalali achana naye, muulize anayeuza chapati hapo nje.

Kodi yangu ya miezi minne iko kwa mwenye nyumba mpaka leo, nikimpigia anasema mvua ni ya Mungu. Jana nimepita pale, wanapaka rangi.