Kabla ya Kununua Mchezo wa Kuruka Mapaa, Uliza Kuhusu Kichefuchefu

Mwezi wa Julai, katika baridi ya Mbeya inayomfanya mtu acheze akiwa amejifunika blanketi, nilinunua Mwanjelwa diski iliyotumika ya mchezo wa video kwa shilingi 45,000, na baada ya dakika 20 nilikuwa nimeinamia beseni. Ulikuwa mchezo wa kukimbia na kuruka mapaa, unaouona kwa macho ya mhusika mwenyewe, na kila alipobingirika picha nzima ilizunguka naye. Muuzaji alikuwa amenisifia picha na hadithi. La kichefuchefu hakuligusa, na nilipoirudisha diski kesho yake akanipa shilingi 15,000.

Tangu siku hiyo nauliza kwanza jicho litatulia wapi. Aliyepanda basi kupitia Mlima Kitonga anajua kwamba abiria anayekazia macho barabara ya mbele hufika salama, ilhali anayeinamia simu humwomba konda mfuko kabla kona hazijaisha.

Kati ya michezo ya aina hii, nafasi ya kwanza naipa Mirror's Edge ya mwaka 2008, na sifichi kwamba naipendelea studio ya DICE ya Uswidi. Waliweka nukta ndogo katikati ya kioo, na jicho hushikilia hapo hata Faith, mhusika unayemwendesha, anapoporomoka kutoka ghorofani. Mji wenyewe ni mweupe, na bomba au mlango wa kupitia hugeuka mwekundu unapoukaribia, hivyo huzungushi kichwa ovyo ukitafuta njia. Kwenye mashine ya PlayStation 3 (PS3) unaruka kwa kitufe cha L1. Ukibonyeza L2 muda mfupi kabla miguu haijagusa chini, Faith anabingirika na kuendelea na mbio, na hapo, nakiri, bado hufumba macho kidogo. Mapigano yake ni mazito, hadithi inaisha mapema, na kuna mahali utaanguka mara kumi kabla ya kugundua ukuta upi unapandika.

Mirror's Edge Catalyst ya mwaka 2016 naiweka ya pili. Mji umefunguliwa wote na Faith hatumii tena bunduki, jambo jema, lakini hata kugeuka ghafla ni ujuzi unaopaswa kuupata kwa alama. Seva zake za mtandaoni zilizimwa Desemba 2023, kwa hiyo anayekuuzia leo kwa maneno ya kushindana mbio na wachezaji wengine anakuuzia kitu kisichokuwepo.

Dying Light ya mwaka 2015, kutoka Techland ya Poland, inawafaa marafiki hadi wanne wanaotaka kukimbizana na mazombi juu ya mapaa, ila purukushani za karibu hutikisa picha mno. Ghostrunner ya mwaka 2020 ni ya mwisho kwangu: pigo moja linakuua, unaanza tena papo hapo, na kasi yake haimwachii mwenye tumbo dhaifu nafasi ya kupumua.

Wauzaji wengi bado huapa kwamba diski ya PS3 itasoma kwenye PS4. Haisomi. Mwenye mashine ya Xbox One ndiye anayeweza kutumia diski ya Mirror's Edge ya Xbox 360. Mwambie muuzaji aiwashe dukani ucheze dakika tano, na akisema umeme wa kuonyeshea wateja ni ghali, mwachie diski yake mezani.